Mwandiko Wangu Mzuri Ulivyomtoa Mama Nyumbani Kwake

Mimi ni mwanamke wa miaka ishirini na saba, sijaolewa, naishi na mama yangu mzazi katika chumba kimoja cha kupanga hapa Bombambili, Songea. Nina cheti cha kidato cha sita chenye daraja la kwanza. Nakitaja mapema kwa sababu ndicho kilichotufikisha kwenye chumba hiki... Mnashangaa? Nisomeni mpaka mwisho.

Naomba nisiseme jina langu. Ndugu wa baba waliniita "Katibu", na zamani nililipenda sana jina hilo. Leo mtu akiniita hivyo sokoni, natamani ardhi ipasuke nidumbukie.

Baba yangu alikuwa fundi seremala, Mngoni. Mama ni Myao wa Tunduru. Alibadili dini ili aolewe na baba kanisani, na siku hiyo hiyo wazazi wake wakasema hawana tena binti. Hajarudi kwao tangu hapo. Nilizaliwa peke yangu, wala hakufuata mwingine. Kwa hiyo tulikuwa watatu tu duniani: baba, mama na mimi... na ile nyumba.

Nyumba yetu ilikuwa Ruhuwiko. Vyumba vinne na kibaraza. Milango na madirisha alitengeneza baba, lakini matofali yalikuwa ya mama. Aliyafyatua kwa mikono yake kiangazi baada ya kiangazi, nikiwa mgongoni, kisha akayachoma mwenyewe. Kwenye ukuta wa nyuma kulikuwa na tofali lenye unyayo wangu, nililikanyaga bado bichi nilipoanza kutembea. Mama alikataa lisitupwe. Alimwambia fundi alijenge mahali anapoliona akiwa jikoni.

Mama hajui kusoma wala kuandika. Kwa sababu hiyo mimi nilikuwa macho yake. Dawa ya hospitali nasoma mimi, risiti ya umeme nasoma mimi, ujumbe wa simu nasoma mimi. Nikiwa darasa la tatu tu alikuwa akiwaambia majirani, "Mimi sina shida ya karatasi, mwanangu kasoma." Alikuwa akilisema hilo kwa majivuno kiasi kwamba majirani wengine walichukia.

Baba alifariki ghafla wiki tatu baada ya mimi kumaliza mtihani wa kidato cha sita. Alilalamika kifua asubuhi, saa nane mchana tukawa hatuna baba. Nilikuwa na miaka ishirini.

Msiba ulisimamiwa na mdogo wake baba, nitamwita Baba Mdogo Betram. Ni mtu wa kanisani, mwimbaji wa kwaya, mwenye sauti nzito inayofanya watu wanyamaze. Alinunua jeneza, alikodi turubai, alilia kuliko sisi wenye msiba. Watu walisema, "Huyu ndiye ndugu!" Hata mimi nilisema hivyo. Ningejuaje kuwa kikulacho ki nguoni mwako?

Siku ya kuanua matanga, baada ya watu kula, Baba Mdogo alitangaza kuwa kuna kikao cha ukoo. Wazee walikaa sebuleni kwenye viti. Wanawake walikaa chini kwenye mkeka, mlangoni mwa korido, na mama alikuwa kati yao, kajifunika khanga mpaka kwenye nyusi.

Kikao kinahitaji mtu wa kuandika. Wazee wakatazamana, mmoja akasema miwani yake haioni, mwingine akasema mkono unatetemeka. Baba Mdogo akanigeukia, akacheka kidogo.

"Tunahangaika nini wakati msomi tunaye ndani? Katibu wetu ni huyu hapa. Mwandiko wake kama umechapwa."

Wazee wakapiga makofi. Nakiri mbele yenu wasomaji wenzangu... nilivimba kichwa. Mtoto wa kike, siku chache tu baada ya kumzika baba, nakaa mezani pamoja na wazee wa ukoo! Nilileta daftari jipya, nikachora mstari wa pembeni kwa rula.

Baba Mdogo alisema, mimi nikaandika. Niliandika kuwa kikao kimempendekeza yeye kuwa msimamizi wa mirathi. Niliandika kuwa nyumba ya Ruhuwiko ilijengwa na marehemu kwa msaada wa ndugu zake, hivyo kikao kinaitambua kuwa mali ya ukoo. Hapo kalamu yangu ilisita. Niliyakumbuka matofali ya mama.

Baba Mdogo aliona. Akainama, akanieleza kwa upole kuwa hayo ni maneno ya kuiridhisha mahakama tu. Tukiandika ni ya ukoo, alisema, hakuna mtu wa nje atakayeidai, na mama yako atakaa humu mpaka Mungu amwite. Kisha akaongeza kwamba niandike pia kuwa binti wa marehemu atasomeshwa chuo kikuu na msimamizi. Chuo kikuu! Niliandika sentensi hiyo kwa haraka kuliko zote.

Akaendelea. Mjane hana pingamizi na maamuzi ya kikao. Mjane yuko huru kurejea kwao Tunduru wakati wowote, na ukoo utagharamia safari yake. Mnajua niliwaza nini? Niliwaza, jamani, baba mdogo ana huruma, kamkumbuka mama hata nauli.

Maneno yote niliyajua. Kiswahili nilikuwa nacho, Uraia nilipata alama ya juu kabisa. Ungeniamsha usingizini ningekutajia mahakama zote za nchi hii kuanzia ya mwanzo mpaka ya rufani, kwa Kiingereza, na mishale yake. Ila sikujua karatasi ile inakwenda kufanya nini. Msimamizi wa mirathi ni nani? Anaweza kufanya nini, na nani anaweza kumzuia? Katika miaka kumi na mitatu ya kukaa kwenye dawati hakuna aliyewahi kuniambia.

Ukafika wakati wa kutia saini. Mama aliitwa. Hatukuwa na kidau cha wino, kwa hiyo nilimpaka dole gumba wino wa kalamu ya biki, nikizungusha na kuzungusha mpaka kidole chote kikawa cha buluu.

Mama akaniuliza kwa sauti ya chini, "Inasemaje hapa, mwanangu?"

Sasa hapa ndipo penye dhambi yangu. Nyingine zote naweza kumsukumia Baba Mdogo, lakini hii ni yangu. Wazee wote walikuwa wananitazama. Msomi! Katibu! Ningesema vipi mbele yao kwamba nimeandika kurasa mbili nzima na sielewi maana yake mahakamani? Niliona aibu.

Nikamjibu, "Ni utaratibu tu, mama. Weka kidole."

Hakuuliza mara ya pili. Nikaushika mkono wake, nikaubonyeza mwenyewe kwenye karatasi. Nakumbuka nilifurahi kwa kuwa alama ilitoka safi, haikuchafuka.

Wiki chache baadaye nilikuwa napita mjini kwenda kwenye duka la steshenari kuulizia matokeo. Nilipita mbele ya jengo la mahakama ya mwanzo, nikaona watu wanasoma ubao wa matangazo, nami nikasogea. Nikaliona jina la baba! Jina kamili, limechapwa kwa kompyuta, lina muhuri. Chini yake walisema Baba Mdogo ameomba kusimamia mirathi, na mwenye pingamizi afike kabla ya tarehe fulani.

Wasomaji wenzangu, mlango ulikuwa wazi mbele yangu. Hatua kumi tu kutoka ule ubao kulikuwa na karani amekaa dirishani, anakunywa chai. Ningemuuliza tu, "Baba, hili tangazo lina maana gani kwetu?" Ningeulizwa fedha? Ningepigwa?

Mimi nilitoa simu nikapiga picha jina la baba. Nikarudi nyumbani nikamwonyesha mama. Nikamwambia jina la baba limewekwa mahakamani na serikali, kwa heshima. Mama aliishika ile simu kwa mikono miwili, akafuta kioo kwa khanga, akatokwa na machozi. Akasema, "Basi hawajamsahau."

Tangazo lile nililipita mara tatu zaidi kabla halijabanduliwa.

Matokeo yalitoka, nikapata daraja la kwanza. Nilichaguliwa chuo. Nikampigia Baba Mdogo, akasema nivute subira. Nikapiga tena, akasema yuko Tunduru kwenye biashara ya korosho. Baada ya hapo simu ikawa inaita tu... inaita tu... mpaka muda wa kuripoti chuo ukapita. Nilijipa moyo kwamba nitakwenda mwaka unaofuata. Nyumba si tunayo?

Asubuhi moja ya Januari, mvua imekatika kidogo, alikuja mwanamume mmoja mstaarabu akiwa na fundi. Alibisha hodi, akamsalimia mama shikamoo. Mama akadhani ni mteja wa zamani wa baba, akawatolea viti, akawapa na mihogo ya kuchemsha. Wakala. Walipomaliza, fundi akachomoa futi ya kupimia, akaanza kupima ukuta wa sebule.

Mama akauliza wanapima nini. Yule bwana akaona haya mwenyewe. Alitueleza kuwa ameinunua nyumba kwa msimamizi wa mirathi, kihalali, ana barua zote, na aliambiwa mjane anahamia kwao Tunduru mwisho wa mwezi. Akasema pole mama, mimi nilijua unajua.

Mama akanigeukia. Hakumwangalia yule bwana. Aliniangalia mimi, akasubiri nimsomee zile barua. Nilizisoma... kimya kimya. Ukurasa wa mwisho ulikuwa nakala ya muhtasari wa kikao, kwa mwandiko wangu. Na mstari wa pembeni nilioupiga kwa rula.

Tulikwenda kwa Baba Mdogo siku hiyo hiyo. Alitupokea kibarazani, hakutukaribisha ndani. Mama alipiga magoti. Mama yangu, aliyemtandikia kitanda alipokuwa kijana akija mjini kutafuta kazi, alipiga magoti kwenye saruji na kumwita "shemeji yangu". Baba Mdogo akaingia ndani, akatoka na nakala ya muhtasari, akaniwekea usoni.

"Mwandiko wa nani huu, Katibu?"

Akaugonga kwa kidole mstari wangu wa pembeni.

"Nilikulazimisha? Nilikushikia panga? Wewe na elimu yako yote umeandika, mama yako kaweka kidole. Sasa mnakuja kunililia mimi?"

Mkewe, aliyekuwa anapepeta mchele pembeni, akacheka. Sijui kama alicheka kwa ubaya au kwa aibu. Kicheko kile nakisikia mpaka leo.

Tulifungua shauri mahakamani. Nilikuwa na matumaini makubwa, maana haki ilikuwa yetu, na majirani watatu walikuwa tayari kusema ni nani aliyefyatua yale matofali. Siku ya kusikilizwa, watu wa ukoo walijaa kwenye mabenchi. Hakimu alikuwa mama mtu mzima, mtulivu. Alichukua muhtasari, akauliza nani aliandika. Nikasimama.

"Umesoma mpaka wapi?"

"Kidato cha sita, mheshimiwa. Daraja la kwanza."

Mabenchi yakacheka. Karani akawanyamazisha. Hakimu akanipa karatasi, akaniambia nisome kwa sauti ili mlalamikaji, yaani mama, asikie alichokiwekea kidole.

Basi nikasoma. Hiyo ndiyo ilikuwa mara ya kwanza mama kusikia maneno yale. Nyumba ni mali ya ukoo. Mjane hana pingamizi. Mjane yuko huru kurejea kwao Tunduru. Kila sentensi ilivyotoka mdomoni mwangu, nilimwona mama akiinamisha kichwa zaidi, mpaka nikawa naona utosi tu. Nilipofika kwenye sentensi ya kusomeshwa chuo kikuu, niliishia hapo. Hakimu akaniambia niendelee.

Akaniuliza kama nililazimishwa. Ningesema ndiyo? Wazee wote wapo pale, na wote waliniona nikitabasamu siku ile. Nikasema hapana. Akaniuliza kama nililiona tangazo. Nikasema nililiona, hata picha nilipiga. Hakimu alivua miwani, akanitazama. Alionekana kunionea huruma, na hilo lilinichoma kuliko kile kicheko cha mabenchini.

Tulishindwa. Alisema tuna haki ya kukata rufaa, akataja na muda wake. Nilikuwa nimechanganyikiwa, sikuushika. Nilipokuja kuuliza, niliambiwa siku zimepita. Hata hapo, ndugu zangu! Hata hapo sikunyoosha mkono kusema, mheshimiwa, naomba urudie, sijaelewa.

Siku ya kuhama, mama alifagia vyumba vyote vinne. Nikamwambia mama, acha, nyumba si yetu tena. Akafagia, akapiga deki, akamwagilia hata maua ya uani. Alipomaliza alikwenda ukuta wa nyuma, akasimama mbele ya lile tofali lenye unyayo. Aliligusa, kisha akajitwisha godoro. Miezi miwili baadaye mwenye nyumba alibomoa ukuta huo ili apanue jiko. Simlaumu. Nyumba ni yake.

Baba Mdogo bado anaimba kwaya. Tunakutana kanisani, ananipa mkono wa amani.

Mimi chuo sikwenda. Nafanya kazi kwenye steshenari hapa Bombambili, nachapa na kutoa nakala. Mungu naye ana mambo yake, maana watu huniletea nini? Mihtasari ya vikao vya ukoo! Sichapi mpaka nimsomee mjane mwenyewe, neno kwa neno, nimwambie karatasi hii ikifika mahakamani itafanya hivi na hivi. Wanaume wengine hukasirika, huchukua karatasi zao na kwenda duka la pili. Tajiri wangu amenionya mara mbili kwamba nafukuza wateja. Atanifukuza siku moja, najua.

Mwaka jana mwalimu wa sekondari moja aliniletea mtihani wa Uraia nimtolee nakala. Swali la kwanza lilikuwa lile lile: taja ngazi za mahakama. Nikazitoa nakala zote, mashine ikiimba, huku nimeuma midomo. Nikamuuliza, mwalimu, hawa watoto wanajua tangazo la ubaoni lina maana gani? Wanajua mtu akifa bila wosia mjane aende dirisha gani? Akaniambia kwa kucheka, "Dada, hilo halimo kwenye mtihani."

Ni kweli, halimo. Lakini msiba unajua mlango wa kila mwanafunzi. Kwa nini mtoto ajue kuchora moyo wa chura na asijue kuusoma mkataba wa chumba cha kupanga? Walimu, wazazi, wakubwa mnaopanga masomo, naomba mnisikie. Mtoto anayetoka kidato cha sita leo, kesho ukoo utampa kalamu. Mfundisheni kabla hajaishika.

Mama hajawahi kunilaumu hata siku moja. Angenitukana ningeshukuru. Ila kuna jambo moja.

Jirani yetu hapa anaitwa Mama Zawadi, muuza maandazi, aliishia darasa la saba. Anasoma kwa kufuata kidole, herufi kwa herufi, na miwani yake imefungwa na uzi. Kila mara mama anaporudi kutoka kliniki na karatasi ya dawa, ananipita mimi niliyekaa mlangoni, anavuka uchochoro, anakwenda kusomewa na Mama Zawadi. Mkataba wa chumba hiki alisomewa na Mama Zawadi. Mimi nilikuwa nimekaa hatua tatu kutoka kwao, na cheti changu kiko kwenye sanduku chini ya kitanda. Mama Zawadi akifika kwenye neno gumu husema wazi, "Hapa mimi sijui, Mama, ngoja tukaulize." Na mama humwamini.

Wadogo zangu mlioko shuleni, na ninyi mliomaliza juzi mnaovimba vichwa kama nilivyovimba mimi, nawaomba kwa machozi. Utakapopewa kalamu mbele ya wazee, na mama yako akakuuliza karatasi inasemaje, usione aibu. Maneno mawili tu yalitosha: "Mama, sijui." Ningeyasema siku ile, leo mama angekuwa anapika jikoni kwake.